Wakubwa wa Shule za Mjini Warudi Darasani?

Hoja iliyo mezani ni hii: ofisi inayosimamia shule za umma za mji mkubwa iwapeleke viongozi wake, kwa pamoja, wakafundishwe uongozi na utawala, na gharama hiyo ihesabiwe kuwa ni fedha ya watoto sawa na fedha ya vitabu na madawati. Marekani wameijaribu hoja hii kwa zaidi ya miaka 20. Kuna mahali ilizaa matunda, na kuna mahali iliishia mahakamani. Ndiyo maana mifano mingi itatoka huko.

Wazungumzaji ni watatu. Nimewatunga mimi, ingawa yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya elimu akisubiri barua atawatambua. MWALIMU ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam. DADA alisomea utawala wa elimu Boston na anafanya kazi na ofisi za elimu za huko. MHASIBU anakagua hesabu za halmashauri na haamini semina yoyote yenye chai ya saa nne. Maneno ni ya kutunga. Majina ya watu, miaka na tarakimu wanazozitaja ni za kumbukumbu za umma. Mwenyekiti ni mimi, na mwenyekiti ataingilia akipenda.

MWENYEKITI: Dada, fungua. Ila kwanza tueleze hiyo wanayoiita wilaya ya shule ni kitu gani, maana kwetu wilaya ina mkuu wa wilaya na bendera.

DADA: Asante, mwenyekiti. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Sema.

DADA: Wilaya ya shule kule ni chombo kinachojitegemea. Kina bodi yake, mara nyingi ya kupigiwa kura. Kina bajeti yake, kinaajiri walimu wake, kinaendesha mabasi ya watoto na kupika chakula chao cha mchana. Anayekiongoza huajiriwa na bodi, ingawa kuna miji ambako meya ndiye mwenye kauli, kama ilivyokuwa Chicago kuanzia 1995. Tumwite mkurugenzi. Chicago peke yake ina watoto zaidi ya 300,000. Sasa jiulize mtu anafikaje kwenye kile kiti. Alikuwa mwalimu hodari, akawa mwalimu mkuu, akapandishwa ofisini. Hakuna mahali alipofundishwa kusoma bajeti ya mabilioni, kukaa na chama cha walimu usiku wa kuamkia mgomo, au kufuta programu iliyokwisha kazi bila ofisi kupasuka vipande viwili.

Ndipo mwaka 2003 shule mbili za Chuo Kikuu cha Harvard, ya biashara na ya elimu, zikaanzisha mradi wa pamoja. Walianza na wilaya tisa: Boston, Chicago, San Diego, San Francisco, Memphis, Minneapolis, Charleston, Harrisburg na Anne Arundel. Na jambo jipya lilikuwa ni timu. Zamani alikwenda bosi peke yake. Anarudi na faili lenye nembo ya chuo na maneno mapya mdomoni, wenzake wanamsikiliza kwa adabu, kisha kila mtu anarudi mezani kwake kuendelea na alichokuwa anafanya. Huu mradi ulisema: njoo na naibu wako wa taaluma, mkuu wa fedha, mkuu wa utumishi, na anayewasimamia walimu wakuu. Mnasoma kisa cha wilaya nyingine, mnakibishania, halafu mnafungiwa chumbani na tatizo lenu wenyewe mlilokuja nalo.

MWALIMU: Tatizo gani linalohitaji watu wote hao?

DADA: Nikupe moja, Mwalimu. Idara ya taaluma inatangaza kwamba shule ngumu, zile za mitaa ya watu maskini, zipelekewe walimu wazoefu. Idara ya utumishi iko ghorofa nyingine, na inafuata mkataba unaompa mzoefu haki ya kuchagua kituo kabla ya mgeni. Mzoefu atachagua wapi? Shule nyepesi, karibu na kwake. Idara ya fedha nayo inazihesabia shule vichwa vya walimu kwa mshahara wa wastani, haiangalii mshahara halisi. Kwa hiyo shule yenye walimu wa miaka ishirini kazini na shule yenye vijana waliotoka chuoni juzi zinaonekana kwenye karatasi zimepewa sawa, kumbe moja inakula fedha nyingi kuliko nyingine. Wakuu hao watatu hawajawahi kukaa meza moja kuliona jambo hilo. Kila mmoja amefanya kazi yake vizuri, na mtoto maskini ndiye aliyelipa.

MHASIBU: Hapo umenigusa, dada. Lakini kulijua hilo mimi sihitaji Harvard. Nipe orodha ya mishahara na kalamu nyekundu.

DADA: Kulijua, sawa, kaka. Kulibadilisha je? Ukishaandika kwa kalamu nyekundu, nani atakwenda kuongea na chama cha walimu?

MHASIBU: Endelea, nitarudi kwako.

MWALIMU: Kabla hajarudi yeye, nije mimi. Nimeongoza shule. Nimehudhuria semina elekezi mpaka kabati langu likajaa vyeti. Nikuambie kilichokuwa kinanikwamisha. Darasa lina watoto wengi kuliko madawati, mwalimu wa hisabati amehamishwa katikati ya muhula, na ofisini wananipigia simu nipeleke takwimu zilezile nilizopeleka wiki iliyopita, ila kwenye fomu mpya. Mtu akija kuniambia kwamba dawa yake ni bosi wangu kwenda kusoma uongozi, nitamtazama tu. Bosi anajua kuongoza. Anayemwongoza yeye ndiye hasomi.

DADA: Anayemwongoza yeye ndiye amekuwa akiletwa siku hizi, Mwalimu, kuna timu zinazokuja na wajumbe wa bodi. Lakini nikubali sehemu moja ya neno lako: kumfundisha mkubwa bila kugusa darasa ni bure. Ndiyo maana nataka nikupeleke New York, Wilaya ya 2 ya Manhattan, mwaka 1987. Mkurugenzi mpya, Anthony Alvarado, akaamua kwamba kazi ya ofisi yake ni moja: ufundishaji. Vikao vya walimu wakuu vya kila mwezi, ambavyo kila mahali ni vya kusomewa waraka na kukumbushwa tarehe, akavigeuza kuwa darasa. Wanakaa wanajadili somo la kusoma: mwalimu kauliza nini, mtoto kajibu nini, kwa nini mtoto yule wa nyuma hakushirikishwa. Kisha wanatoka kwenda kutembeleana shuleni. Fedha za mafunzo aliziongeza mpaka zikafika asilimia 3 hivi ya bajeti, akapunguza maofisa wa makao makuu ili zipatikane. Ndani ya miaka kama minane, wilaya ile ilipanda kutoka nafasi ya 10 hadi ya 2 katika kusoma, kati ya wilaya 32 za jiji.

MWALIMU: Hiyo nimeipenda. Kikao kisicho na waraka! Sasa nimalizie hadithi yako mwenyewe. Huyo Alvarado aliondoka kwenda wapi?

DADA: San Diego, 1998.

MWALIMU: Akafanya nini?

DADA: Aliitwa na Alan Bersin, mwanasheria aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali, ambaye bodi ilimpa uongozi wa shule zote za mji. Wakajaribu kufanya kwa mji mzima yale yaliyofanyika kwenye wilaya moja ndogo.

MWALIMU: Kwa haraka. Hapo ndipo penye shida, mwanangu. Juni 1999 waliwashusha vyeo walimu wakuu na wasaidizi wao 15 kwa mpigo, wakarudishwa kufundisha. Hukumu ya siku moja, mbele za watu. Wale waliobaki walijifunza nini siku ile? Walijifunza kunyamaza. Unaweza kumpeleka mwalimu mkuu kwenye kikao kizuri cha kila mwezi, lakini kama anajua ofisi inaweza kumvua cheo kesho, ataitikia kila kitu, na akirudi shuleni atafunga mlango. Walimu wakapigana na ofisi miaka yote ile. Alvarado akaondoka, mwaka 2005 Bersin naye akaondoka, na aliyefuata hakuwa na mpango wa kuyaendeleza yale kama yalivyokuwa. Niambie, zile fedha za mafunzo ziko wapi leo?

DADA: Kuna walimu wakuu waliofundishwa kipindi kile na wakadumu kwenye kazi, na wenyewe wanasema kile kilikuwa chuo chao halisi.

MWALIMU: Hilo sibishi. Ninachobishia ni kwamba mji mzima uligeuzwa juu chini ili wapatikane.

MWENYEKITI: Mwenyekiti anaingilia. Naona watu wetu wanapoitaja San Diego hugawanyika vilevile kama walivyogawanyika wenyeji wake: wanaopenda matokeo ya madarasa ya chini wanausifu mpango, wanaopenda utaratibu wa kuheshimiana wanaulaani, na wote wana ushahidi. Tusikwame hapo. Mhasibu, ulisema utarudi.

MHASIBU: Nimerudi na faili. Chicago, 2013. Mei ya mwaka huo bodi inapiga kura kufunga shule zinazokaribia 50 kwa mkupuo mmoja, nyingi katika mitaa ya Wamarekani Weusi, kwa sababu, walisema, fedha hazitoshi. Juni, mwezi mmoja tu baadaye, bodi hiyohiyo inapitisha mkataba wa dola milioni 20.5 bila zabuni. Wa nini? Wa kuwafundisha walimu wakuu na maofisa uongozi! Mpewaji ni kampuni binafsi iliyoitwa SUPES Academy. Na mkurugenzi wa shule za Chicago, Barbara Byrd-Bennett, alikuwa amewahi kuifanyia kazi kampuni hiyo kabla ya kupewa kiti.

Jarida dogo la mjini, Catalyst Chicago, likaanza kuuliza maswali. Walimu wakuu wenyewe wakalalamika kwamba wanafundishwa mambo wanayoyajua toka zamani, na siku za shule zinaliwa. Wapelelezi wa serikali kuu wakaingia. Oktoba 2015 mama akakiri kosa. Aprili 2017 akahukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu. Alikuwa ameahidiwa asilimia kumi ya mapato ya mikataba. Teni pasenti, ndugu zangu! Nilidhani ni mali yetu peke yetu.

MWALIMU: (anacheka) Na wao wanayo.

MHASIBU: Sasa, dada, usiniambie huyo ni mwizi mmoja. Nakubali ni mwizi mmoja. Mimi nauliza kwa nini alichagua mafunzo ya uongozi apitishie hapo. Angeweza kupitishia kwenye madawati, au kwenye ukarabati wa vyoo. Jibu langu kama mkaguzi: dawati linahesabika. Choo unakwenda kukiangalia. Mafunzo ya uongozi utayahesabu vipi? Utapewa karatasi ya mahudhurio, picha ya pamoja mbele ya bango, na ripoti inayosema washiriki wamejengewa uwezo. Nimezisoma ripoti hizo mpaka naweza kuziandika usingizini. Hapa kwetu tofauti ni kwamba kuna na posho ya kujikimu, na orodha ya posho huwa ndefu kuliko orodha ya waliokuwepo.

MWALIMU: Na mimi niongezee la Atlanta kabla binti hajajibu. Mnapowaleta wenye elimu ya shule za biashara kuwafundisha watu wa elimu, wanakuja na kitu chao kinachoitwa malengo. Lengo la robo mwaka, lengo la mwaka, bonasi kwa aliyefikia, kufukuzwa kwa aliyeshindwa. Atlanta walikuwa na mkurugenzi aliyeshika malengo barabara, Beverly Hall. Mwaka 2009 chama cha wakurugenzi wa shule wa nchi nzima kilimpa tuzo ya mkurugenzi bora wa mwaka. Mwaka 2011 uchunguzi wa serikali ya jimbo ukakuta wizi wa mitihani katika shule 44, walimu na viongozi 178 wakihusishwa. Kuna walimu walikaa pamoja nyumbani kwa mtu wakifuta majibu ya watoto na kuandika ya sahihi. Hawa hawakukosa uongozi, mwanangu. Waliongozwa sana!

DADA: Nimekusikia, Mwalimu, na la Atlanta halina utetezi. Ila tusibebeshe mafunzo ya timu mzigo wa kila bosi mkali. Mkurugenzi anayewaambia walimu wakuu wafikishe alama fulani ndani ya miaka mitatu au watafute kazi nyingine hakufundishwa hivyo darasani na watu ninaowatetea mimi. Kwenye mchoro wanaoufundisha, katikati kuna vitu vitatu tu: mwalimu, mwanafunzi, na kile wanachosoma pamoja. Fedha, muundo wa ofisi, mifumo, mazoea ya kazi, wadau, vyote vinawekwa pembeni na kuulizwa kama vinasaidia hapo katikati. Alama za mtihani hazimo katikati.

Na kwa kuwa mmeniletea mabaya matatu mfululizo, niacheni na mimi niseme zuri moja. Montgomery, Maryland, jirani na Washington. Si mji hasa, ni kaunti, lakini ilikuwa imejaa wahamiaji na familia zisizo na kitu upande mmoja wa ramani. Mwaka 1999 alifika mkurugenzi Jerry Weast. Akachukua ramani ya kaunti akaigawa kwa rangi: ukanda mwekundu, ambako umaskini na watoto wanaojifunza Kiingereza upya vimesongamana, na ukanda wa kijani, wa wenye nafasi. Akawaambia wakazi wa kijani waziwazi: wekundu watapata zaidi. Madarasa ya chini yenye watoto wachache zaidi, chekechea ya siku nzima, mafunzo zaidi kwa walimu. Chama cha walimu hakuwa nacho vitani. Kilikaa naye mezani, mpaka tathmini ya walimu wanaosuasua ikawa inaamuliwa na jopo lenye walimu na walimu wakuu ndani yake. Timu yake ilijiunga na ule mradi wa Harvard na kisa chao sasa kinafundishwa kwa wengine. Mwaka 2010 wilaya ikapata tuzo ya kitaifa ya Baldrige, inayotolewa kwa ubora wa uendeshaji.

MHASIBU: Weast alikaa miaka mingapi?

DADA: Aliondoka 2011.

MHASIBU: Kumi na miwili. Mwenyekiti, naomba hilo liandikwe. Wastani wa mkurugenzi wa mji mkubwa Marekani ulikuwa miaka mitatu na kitu. Baraza linalounganisha wilaya kubwa za miji lilihesabu mwaka 2014 likapata 3.2. Sasa dada ananiletea mtu aliyekaa miaka 12, kwenye kaunti tajiri, na kuniambia mafunzo yamefaulu. Labda kilichofaulu ni kukaa.

MWALIMU: Hapo!

DADA: Kukaa bila kujua unachofanya nako ni hasara, kaka. Tunao waliokaa miaka ishirini ofisini na hawajabadilisha hata kalenda ukutani.

MWENYEKITI: Hapa ndipo mjadala ulipokaza, na mwenyekiti anaona mlango. Kuna kitu Chicago ambacho Mhasibu hakukisoma kwenye faili lake. Miaka ileile ya fujo, tangu 2009 hadi 2014, mtafiti wa Stanford, Sean Reardon, alipopitia matokeo alikuta watoto wa Chicago kati ya darasa la tatu na la nane wanapiga hatua ya miaka sita ya masomo ndani ya miaka mitano. Hapo juu hali ilikuwaje? Arne Duncan aliondoka Januari 2009 kwenda kuwa waziri wa elimu wa Obama. Akaja Ron Huberman. Akaja wa muda, Terry Mazany. Akaja Jean-Claude Brizard, mhitimu wa ile akademia ya wakurugenzi iliyoanzishwa na tajiri Eli Broad mwaka 2002. Hakumaliza miaka miwili, na Septemba 2012 walimu wakagoma. Akaja huyo mama wa teni pasenti. Kiti cha juu kilikuwa kinazunguka kama feni, na watoto wakawa wanasonga mbele. Nani anieleze hili?

MWALIMU: Mimi nakueleza. Waliokuwa wanafanya kazi hawakuwa juu.

DADA: Mwalimu yuko karibu sana na ukweli, ila hajamaliza. Chicago tangu sheria ya 1988, mwalimu mkuu anachaguliwa na baraza la shule yenyewe, wazazi wakiwa wengi ndani. Hiyo ingeweza kuleta vurugu tupu. Lakini ofisi ya wilaya ikakaza upande mwingine: hakuna anayeweza kuomba nafasi hiyo bila kupita mchujo wake. Halafu vyuo, Chuo Kikuu cha Illinois tawi la Chicago kikiwa mbele, vikaanza kuwaandaa wagombea kwa namna tofauti: mwaka mzima shuleni chini ya mwalimu mkuu mzoefu, kwa mshahara, kisha kocha anamfuata miaka kadhaa baada ya kupata kazi. Mwaka 2010 jimbo la Illinois likabadilisha sheria, programu zote za zamani za kuandaa walimu wakuu zikatakiwa kufungwa au kuundwa upya. Sasa angalia: baraza la wazazi linachagua, lakini linachagua kutoka kwenye orodha ya watu waliopikwa wakaiva. Hayo yote yalifanywa na watu. Maofisa wa ngazi ya kati, wa vyuo, wa mifuko ya hisani, ambao majina yao hayamo magazetini na ambao hawakuondoka kila bosi alipoondoka. Hiyo nayo ni timu, Mwalimu. Imezidi kuwa timu kuliko ile iliyopiga picha Harvard.

MWALIMU: Basi sema hivyo toka mwanzo! Mimi nilidhani unatetea wenye suti.

DADA: Wenye suti pia wana sehemu yao. Mchujo ule unahitaji ofisi ya utumishi. Kocha anahitaji fungu la fedha. Ukimpa mafunzo mwalimu mkuu peke yake, atarudi akutane na ofisi ileile inayomdai fomu.

MHASIBU: Bei?

DADA: Nilijua utauliza. Mfuko wa hisani wa Wallace ulianza mwaka 2011 na wilaya sita kubwa, New York na Denver zikiwemo, kujenga mkondo wa kuzalisha walimu wakuu: sifa za kazi zinaandikwa, waandaliwaji wanachujwa, wanapangiwa shule inayowafaa, wanasimamiwa. Shirika la utafiti la RAND likalinganisha shule zilizopata walimu wakuu wapya katika wilaya hizo na shule zinazofanana nazo kwingine. Baada ya miaka mitatu au zaidi, shule hizo zilikuwa juu ya wenzao kwa pointi 6.22 za asilimia katika mpangilio wa kusoma, na 2.87 katika hisabati. Na walimu wakuu wapya walidumu zaidi kwenye vituo vyao. Gharama: dola 42 hivi kwa mwanafunzi kwa mwaka, chini ya nusu ya asilimia moja ya bajeti.

MHASIBU: (anaandika) Hiyo inahesabika.

DADA: Tena mfuko huohuo ukaenda ngazi ya juu kidogo, kwa wale wanaowasimamia walimu wakuu. Walikuta msimamizi mmoja ana shule 17 kwa wastani. Wakashusha mpaka 12, na kazi yake ikabadilishwa: apunguze kukagua kama sheria zimefuatwa, azidishe kukaa darasani na mwalimu mkuu.

MWALIMU: Hapo umefika kwetu, maana huyo ni Afisa Elimu Kata kabisa. Nilimpenda wangu. Alipewa pikipiki, na pikipiki ni kitu chema. Lakini alikuwa akija, anasaini daftari la wageni, anauliza mahudhurio, ananikumbusha mchango wa mwenge, anaondoka. Si kosa lake. Hakuna aliyemfundisha kukaa nyuma ya darasa dakika arobaini kisha aniulize mimi swali moja la maana. Kwenye chuo cha ADEM pale Bagamoyo wanafundisha uongozi wa elimu na wanafundisha vizuri, nimepita pale. Na huu mpango wa MEWAKA, wa walimu kujifunza wakiwa kazini, shuleni kwao, ni mwendo unaonifurahisha kuliko hoteli yoyote. Kinachoua ni barua. Mwalimu mkuu amefundishwa, ameanza kuelewana na walimu wake, kamati ya shule imemzoea, wazazi wa mtaa wanamsalimia njiani. Inakuja barua ya uhamisho. Ofisi nayo, ofisa aliyeyaelewa mafunzo yale amehamia mkoa mwingine. Unaanza alifu kwa ujiti.

MHASIBU: Na mafunzo yanalipiwa tena. Kitabuni yanaonekana ni watu wapya waliofundishwa, kumbe ni kiti kilekile mara ya tatu.

DADA: Kwa hilo sina ubishi na yeyote kati yenu. Nikirudia hoja yangu leo nitaibadilisha kidogo: timu ifundishwe pamoja, na asiingie kwenye timu mtu ambaye hatabaki.

MWALIMU: Hata bosi?

DADA: Bosi aje, afungue kikao, asikilize. Lakini wengi mezani wawe wale watakaokuwepo baada yake.

MWENYEKITI: Kwa desturi mwenyekiti hapigi kura, lakini hapa ni gazetini, na mwenyekiti ndiye anayelipwa kuandika. Hoja naipitisha ikiwa na marekebisho ya Dada, na masharti ya Mhasibu nayaongeza juu yake: mafunzo yapite kwenye zabuni, na miezi sita baadaye mkaguzi asiombe karatasi ya mahudhurio. Aombe kitu ambacho ofisi imeacha kukifanya kwa sababu ya mafunzo yale: fomu iliyofutwa, kikao kilichogeuzwa, utaratibu wa kupanga walimu uliobadilishwa. Kama hakuna kilichoachwa, fedha ile ilikuwa posho. San Diego ninampa Mwalimu, Montgomery nampa Dada kwa shingo upande kwa sababu ya ule utajiri, na Chicago naona inawapa wote watatu kwa wakati mmoja.

Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai, na makisio ya halmashauri huanza kuandikwa miezi mingi kabla. Msomaji uliye diwani, au mjumbe wa kamati inayopitia fungu la elimu la jiji lako: ukikuta mstari unaosema mafunzo ya uongozi, usiufute na usiupitishe kabla hujaomba orodha ya majina ya watakaokwenda, na mbele ya kila jina muda aliokaa kituoni na muda anaotarajiwa kubaki.